Kachero Aliyegeuzwa Ukutani

Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa muhogo unaotokota, sikumbuki chakula, nakumbuka ukuta. Jiko letu pale kijijini Malindi, juu huko milimani Lushoto, lilikuwa la fito na udongo, na ukungu uliingia bila hodi. Kila majira ya baridi mama aliziba nyufa kwa magazeti, gundi yake uji huo.

Ukurasa wa nyuma wa gazeti ulikuwa na katuni. Jamani, katuni! Kachero wa serikali, zama za Mjerumani, katumwa kwenye milima kama yetu kumkamata mzimu anayemeza wapagazi. Baba alinisomea kila toleo, mpaka kachero alipoingia pangoni, taa mkononi. Kisha baba naye akaitwa kwenda vitani Uganda. Akiwa juu ya lori aliniambia, "Nikirudi utanisimulia kama alitoka."

Basi nikaamini, msinicheke, kwamba kachero akitoka, na baba atarudi.

Baadaye mjomba alituletea kutoka Mombo mzigo wa magazeti yaliyotoka tangu baba aondoke. Siku hiyo nilikuwa kwa bibi. Niliporudi, mama alishayabandika yote. Nikakimbilia ukutani. Kachero huyu hapa, anafukuzwa na mzimu. Huyu hapa, kapotea njia. Na gazeti la mwisho? Sabuni! Tangazo la sabuni limenikodolea macho, katuni imegeukia udongo.

Nililia kwa hasira. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, anafuatisha herufi kwa kidole. Nikajisemea, masikini, hajui mbele wala nyuma. Nikajaribu kulibandua kwa ukucha. Likamong'onyoka bonge la udongo, upepo ukaingia vuuu. Mama akanidaka mkono.

"Acha, mwanangu. Hilo liache."

Nikabaki kuuota mwisho wa katuni niliojitungia mwenyewe. Jioni, ukungu ukijaa jikoni na moto ukififia, picha zilicheza ukutani, nami nilimwona kachero akitoka taratibu, mzimu mwenyewe kamshikia taa. Baba aliporudi, amekonda, sauti imemkauka, nilimsimulia hivyo hivyo. Alicheka mpaka akafuta machozi. Mama aliendelea kukoroga mboga.

Nilikuwa mtu mzima tulipolibomoa jiko lile. Gazeti la sabuni lilibanduka zima, jeusi kwa masizi. Nikaligeuza. Kachero hakutoka. Picha ya mwisho ni mkewe, yuko mlangoni, anakabidhiwa kofia ya mumewe.

Nikampelekea mama. Wala hakutafuta miwani.

"Hilo ndilo gazeti la kwanza nililosoma mwenyewe mpaka mwisho," alisema. "Na baba yako alikuwa bado huko. Ningemtazama mwanamke huyo kila asubuhi nikiwasha moto?"

Miezi yote ile nilimhurumia mama kwa kutojua kusoma, kumbe mwisho aliujua, akanyamaza nao peke yake ili mimi niendelee kuota.