Jirani wa Mangobo aliyekuja kuniomba moto kila asubuhi, nikiwa nimechoka kuishi

Wakuu, salamu zenu kutoka Kisangani. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Atakayesema ni chai, aje Mangobo nimwonyeshe mlango.

Mke wangu alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Wakati huo tulikaa mtaa wa kuta ndefu. Matanga yalipoisha, kila mtu akafunga geti lake. Jirani wa kulia sikumjua hata jina.

Binti yangu Grâce nikampeleka kwa bibi yake Bengamisa. Mimi nikahamia Mangobo, chumba kimoja kwenye parsele, yaani kiwanja kimoja, wapangaji wengi, choo kimoja na kelele zisizo na breki.

Nikajifungia. Usingizi hakuna, chakula hakipiti. Nikaanza kuwaza kujiua. Nalisema wazi, kwa sababu kuficha ndiko kulikotaka kunimaliza.

Sasa mlango wa pili alikaa Mama Zaina, mzaliwa wa Kindu. Kila asubuhi: ko ko ko!

"Papa Grâce, uko na moto? Ya kwangu imezima."

Kwetu kuombana moto ni kawaida. Unachukua makaa mawili matatu kwa jirani, unawashia mbabula yako, jiko letu la mkaa. Kumnyima mtu moto ni aibu. Donc ilinibidi niamke, niwashe, nimpe. Na moto ukishawaka utafanyaje? Unabandika chai.

Wakuu, yule mama alinikera! Mwanamke mzima hajui kutunza moto? Nilikaribia kumnunulia kiberiti.

Asubuhi moja sikuwasha. Nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Ko ko ko. Nikageukia ukuta.

Akasukuma mlango. Akatazama majivu baridi, kisha akanitazama mimi.

"Papa Grâce, uniambie kweli. Uko unawaza kujiua?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikasema ndiyo, nikalia kama mtoto.

Hakupiga yowe, hakunihubiria. Aliketi sakafuni.

"Bon. Mimi siko munganga. Lakini leo hautabaki peke yako, na kwa munganga tutaenda pamoja."

Akamwita Tonton Bosco, jirani yetu wa toleka, ile teksi ya baiskeli. Nikapakiwa nyuma hadi kituo cha afya, maana munganga kwetu ni daktari, Mama Zaina akifuata kwa toleka nyingine huku akimkemea dereva wake aongeze mwendo.

Tuliporudi, wazee wa parsele walikuwa wamehamishia mchezo wao wa dama mlangoni kwangu. Wakawa wananiita niamue ugomvi wao. Na wale wazee walikuwa wanaibiana kete vibaya sana!

Matibabu yalichukua miezi. Dawa, mazungumzo na daktari, kurudi tena na tena. Sisemi makaa yanatibu, tuelewane.

Nilipopata nguvu, nikatoka alfajiri kwenda sokoni. Barabarani nikamkuta Mama Zaina anakaanga mikate ya kuuza, wateja wamemzunguka, moto unalamba sufuria. Nikamuuliza mteja mmoja, kaanza lini biashara hii? Akanicheka. Miaka sasa!

Mtu anayekaanga mikate kabla jogoo hajawika, ndiye alikuwa anakuja kwangu kuomba moto. Nami nikamwona mvivu.

"Mama, kumbe moto yako haikuzimaka?"

"Yangu iko tangu alfajiri. Nilitaka tu uamuke, papa."

Nampenda na kumheshimu yule mama kuliko ninavyoweza kuandika. Wazee walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Shuleni niliukariri tu huo msemo. Mangobo si peponi, maji yanasumbua na kelele hazilali, ila huko huwezi kupotea bila mtu kujua.

Funzo langu: muulize mtu waziwazi, usiogope neno. Na wewe unayesoma ukiwa na wazo kama nililokuwa nalo, mwambie mtu leo hii, muende wote kwa daktari.

Nanyi mtaani kwenu mnajuana kweli? Tupeane uzoefu hapa chini.

Mimi nina kazi. Chumba cha mwisho kahamia mama kutoka Basoko, amefiwa, hatoki nje. Jana nilifunika mbabula yangu inayowaka, nikaenda kubisha.

"Mama, uko na moto? Ya kwangu imezima."

Kisha nikasikia kitanda kinalia.

"Hakuna, papa. Ngoja niwashe."