Jela Waliyoipenda Langoni

Raihana alirudi Amu, yaani Lamu, na mfuko mmoja wa nailoni. Watu wa mtaa wa Langoni, ambako hata paka mgeni hapiti bila kujadiliwa, wakajifanya hawakuuona mfuko huo. Walimwamkia vizuri.

"Uhali gani, Bi Raihana? Na Jeddah kwema?"

"Kwema, alhamdulillahi."

"Karibu muyini."

Kisha kila mtu akashika njia yake. Jeddah yenyewe Raihana hajaiona hata kwenye kalenda. Miaka saba alikuwa katika jela ya wanawake kule Mombasa. Waliomuuliza habari za Jeddah walijua hivyo, naye alijua kuwa wanajua.

Kosa lake lilikuwa mume. Mohdhar alimpa furushi alifunge tumboni chini ya buibui wavuke nalo kutoka Mokowe, akamwambia ni dawa ya mbuzi, na yeye mwenyewe akapanda boti nyingine. Ilikuwa bangi. Polisi walikuwa wakingoja gatini. Mohdhar alimtazama mkewe akishikwa, akakaza uso kama abiria mwingine yeyote. Kesi haijaisha, talaka ikafika, na mwenyewe akahamia Kiunga kwa mke mwingine. Simtaji tena, mdomo wangu una kazi nyingine.

Akabaki binti yao, Wafaa, angali mtoto wa chuoni wa kusoma Kurani. Alichukuliwa na shangazi yake, Bi Ruqaya. Ruqaya si mtu mbaya. Ndiye aliyeutangazia mji kuwa wifi yake amepata kazi ya nyumbani Jeddah, na mji ukaupokea uongo ule kwa mikono miwili, maana kwetu aibu ya mwenzio huifunika ili Mungu naye akufunikie yako. Hapo sina neno. Ni dini na ni utu. Lakini kufunika nako kuna kiasi chake. Ukimfunika mtu mpaka ukampitisha kichwa, huko ni kumzika. Mwenye mtu wake Jeddah hapandi basi la Mombasa siku ya wageni wa jela, kwa hiyo hakuna aliyepanda.

Siku hizo za wageni ndizo zilizokuwa jela yenyewe. Wenye matumaini walichana nywele, wakakaa kwenye benchi refu ukumbini, wakangoja kuitwa majina. Raihana alikaa kila mara, mtandio ameufunga vizuri, akiwaza jinsi Wafaa atakavyokuwa amerefuka. Wenzake waliitwa mmoja mmoja mpaka benchi likabaki lake peke yake. Askari wa zamu, mwanamke mpole wa bara, alikuwa akija kumgusa bega. "Pengine mwezi ujao, mama. Rudi ndani." Angemfokea ingekuwa nafuu. Upole ule ulimchoma kuliko kiboko.

Basi amerudi, amepanga chumba cha chini chenye dirisha dogo, na anashona kofia. Mkono wake ulikuwa haujasahau kazi, na kofia zake zilipendwa. Aliyezishona ndiye hakuna aliyekaa naye. Walikuja, walichukua, waliaga. Naye alitaka jambo moja tu duniani: Wafaa, ambaye sasa ni mwanamwali aliyeposwa na kijana aitwaye Nabil, aje kwa miguu yake mwenyewe, aketi mkekani, wazungumze. Nyumba ya Ruqaya ilikuwa vichochoro viwili tu kutoka pale. Sikukuu ya Idi Wafaa alikuja pamoja na wenzake, akasimama mlangoni, akabusu mkono, macho ameyabwaga sakafuni, akaondoka. "Ana haya," Raihana alijiambia. Mama akitaka kujidanganya hakosi neno.

Sasa, kulikuwa na Bi Lubna. Nyumbani kwa Bi Lubna, baada ya alasiri, wanaume wakiwa madukani na mabarazani, wanawake walikusanyika kutazama filamu. Tamthilia za mapenzi walikuwa wamezichoka. Walichokipenda, tena kwa miaka, ni filamu za jela za wanawake. Ni zile za zamani, za nchi za joto zisizojulikana ni wapi, zilizotengenezwa kwa vijisenti, na kijana fulani wa bara amezitia Kiswahili juu kwa juu, mpaka anapochoka na kuanza kusalimia marafiki zake. Jela ilikuwa ya mbao nyembamba. Mtu akiegemea ukuta, ukuta wote unacheza. Mfungwa alikaa shimoni mwaka mzima akatoka na wanja na rangi ya mdomo. Mwanamke aliyepigwa risasi mbele yetu sote alionekana baadaye akipita nyuma na ndoo. Na kila baada ya muda mfupi, bila sababu yoyote, wafungwa walipelekwa kuoga. Hapo Bi Lubna aliruka na kuitupa leso yake juu ya televisheni, "Astaghfirullahi!" Leso yenyewe ilikuwa imechakaa, na waliokaa mbele hawakuwahi kulalamika.

Wengine watauliza, wanawake wa heshima wanapata nini humo? Mimi nasema wanapata kingi. Mle ndani mwanamke anayedhulumiwa hamezi mate akasema inshallah. Anamkamata bibi jela kwa nywele. Wanawake wanapaza sauti, wanatukanana, wanavunja kufuli, na mwisho wanachoma moto nyumba nzima. Yule anayelishwa maneno kila siku na mama mkwe anaona yote hayo akiwa ameegemea mto, kahawa mkononi, kisha anarudi nyumbani kupika. Raha ya kuogopa jambo lisilo lako ni raha kubwa, na ni rahisi kuipata.

Raihana aliingia kwa Bi Lubna siku moja kupeleka kofia, akakuta filamu imepamba moto. Akasimama kutazama. Mle jelani kila kitu kilitokea: visu, mapenzi, viapo, kutoroka. Ajabu, aliwaonea wivu. Wanawake wale, pamoja na taabu zao zote, walikuwa wanatazamwa. Kamera haikuwaacha hata wakilala. Yeye miaka saba hakuna jicho lililomtafuta. Kabla hajajizuia akacheka, akasema:

"Mlango wa jela hauko vile."

Miaka yote ya Jeddah ikaanguka pale sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota. Bi Lubna akazima televisheni, jambo ambalo hajapata kulifanya hata kwa adhana.

"Ndoo uketi, Bi Raihana," akamwita aje, akimsogezea mto. "Hebu tueleze. Ukoje?"

Akawaeleza ukweli. Kuhesabiwa asubuhi. Foleni ya uji. Kufua sare. Kuhesabiwa tena. Akawaeleza habari za Bochaberi, mwanamke wa Kisii aliyelala kitanda cha pili, aliyekuwa akimgawia sabuni na kulia kila Jumapili. Wakasikiliza kwa adabu. Mmoja akapiga miayo ndani ya leso. Mwingine akauliza, "Na kupigana je? Hamkupigana?" Raihana akaona nyuso zile zinaanza kumtoka, moja moja, akahisi baridi aliyoizoea.

"Tulipigana," akasema.

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kuvutana nywele kwenye foleni. Wa pili aliuchukua mzimamzima kutoka filamu aliyoiona wiki ile. Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Maskini Bochaberi, mtu asiyeweza kuua mende, akawa jitu lenye wembe ndani ya sabuni. Yule askari mpole akapewa kiboko na jicho moja. Raihana mwenyewe alimkata mtu usoni, akalala shimoni na panya, akaongoza ghasia za kuchoma jiko. Wanawake walishika vifua. "Wallahi, Bi Raihana!" Wakaanza kuja chumbani kwake kila alasiri, na mahamri, na sambusa, na kahawa ya tangawizi. Televisheni ya Bi Lubna ikakaa bila kazi. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, viatu vilijaa nje ya mlango wake.

Wakishaondoka alijuta, hasa kwa ajili ya Bochaberi. Lakini kesho yake aliwasikia uchochoroni, akaharakisha kutandika mkeka. Mkimlaumu, nilaumuni na mimi, maana ningefanya vivyo hivyo. Mtu aliyekaa na njaa miaka saba hamuulizi mpishi nyama imetoka wapi.

Visa navyo vina miguu. Vilipita vichochoro viwili, vikaingia kwa Bi Ruqaya.

Alasiri moja wanawake walikuwa wamekwenda Shela kwenye maulidi. Mlango ukagongwa. Alikuwa Wafaa, peke yake. Akavua viatu, akaingia, akaketi mkekani, karibu na mlango. Raihana akajichoma sindano.

"Umekuya, mwanangu."

"Nimekuya kukuuliza, mama. Yale unayowaambia kina Bi Lubna, ya wembe na shimo na yule mtu uliyemkata, ni ya kweli?"

Raihana akatabasamu. Furaha ilimjaa kiasi kwamba alitaka kucheka. Sasa ndio wakati, alifikiri. Nitamwambia hapana, mamako hajamkata mtu, nilikuwa nakaa tu nikikuwaza wewe. Naye atasogea karibu. Akafungua mdomo, lakini Wafaa alikuwa hajamaliza.

"Mimi nilijua hukuwa Jeddah. Tangu mwanzo. Shangazi alinambia mwenyewe, akataka kunileta. Alisema tutawaambia watu twaenda hospitali Mombasa. Hakunambia mara moya, mama. Kila mwaka alinambia. Mimi ndiye niliyekataa."

Sindano ikatulia mkononi mwa Raihana. Miaka yote alikuwa amemlaumu Ruqaya, na Jeddah, na mji mzima.

"Nilikuwa nikiziona zile filamu kwa Bi Lubna," Wafaa aliendelea. "Mimi na wenzangu, tukijificha nyuma ya wakubwa. Nikaona hivyo ndivyo ulivyo. Nikilala nakuota umenyolewa kitwa, una kovu hapa, wanitazama hunijui. Nikaogopa. Nikamwambia shangazi simtaki, siendi." Sauti yake ilikatika. "Siku hizi silali. Nafikiri, na kama hapakuwa na lolote? Na kama alikuwa amekaa tu kule, mama yangu vile vile, ananingoja, na mimi sikwenda? Nitajiambia nini? Nitaolewa vipi na jambo hili moyoni? Nambia ukweli. Nilikuwa na haki ya kuogopa?"

Raihana alimtazama. Binti alikuwa amekonda, na macho, au mato kama tusemavyo sisi, yalikuwa yameingia ndani. Ukweli ulikuwa mfupi, ungesemeka kwa pumzi moja: nilikuwa kwenye benchi, nimechana nywele, kila mwezi. Angeusema, angempata binti aliye karibu naye, lakini mwenye jeraha lisilopona. Angeunyamazia, binti angepona, na yeye angebaki mtu wa kuogopwa. Alitaka kuusema. Nawaambia, alitaka.

"Ni ya kweli," akasema. "Na mengine sijawaambia."

Akamweleza. Hakuwahi kuhadithia vizuri kama siku ile. Alimpa Bochaberi nyembe mbili badala ya mmoja. Alimweleza damu, na kelele za usiku, na jinsi yeye mwenyewe alivyogeuka, hata angemwona mtoto wake asingemtambua. "Kule hapakuwa pa mtoto," akasema. "Ungekuya ningekufukuza. Ulifanya vyema, Wafaa. Mungu ndiye aliyekutia ile hofu."

Wafaa alilia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi," alisema, tena na tena, "alhamdulillahi." Uso wake ulifunguka, na kwa kitambo kidogo Raihana akaiona sura ya mtoto aliyemwacha. Akanyoosha mkono amfute machozi. Msichana akarudi nyuma, kidogo tu, bila kukusudia. Kisha akaona haya, akaushika ule mkono na kuubusu haraka, akatafuta viatu vyake.

Bi Ruqaya anasema usiku ule Wafaa alikula wali wake wote, akalala mpaka alfajiri bila kushtuka, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Arusi yake ilifana, na mpaka leo hulala vizuri. Kwa mamake hajakwenda tena.