Sabuni ya Wifi

Fundi Spana alikuwa mwanamke, na wifi yake ndiye aliyevumisha mtaa mzima kwamba anaiba vifaa vya magari ya watu. Wateja wakamkimbia kama mwenye ukoma. Yeye hasira akaifukia kama kaa la moto chini ya jivu.

Siku moja gari la wifi likaingia gereji likifuka mvuke, mwingi hata majogoo wakawika wakidhani ni ukungu wa alfajiri. Shingo ya rejeta, pale unapofungwa mpira wa maji, ilikuwa imekatika.

"Wifi yangu, nisitiri! Mwanangu anaolewa mchana huu, na shela lake limo humu!"

"Tutaziba kwa sabuni ya mche," fundi akasema, akimkatia kipande. "Ila lazima aitafune mwenye gari. Mate ya mwingine hayashiki."

Wifi akatafuna. Povu likamtoka mpaka puani, wapita njia wakajaa.

"Bado, wifi. Tafuna na upande wa kushoto, huko ndiko umbea ulikolala."

Injini ilipopoa, fundi akatoa kabatini shingo mpya, akaifunga, akajaza maji, akawasha. Halikudondoka hata tone.

"Na hii sabuni?" wifi akabubujika.

"Hiyo ni ya mdomo wako. Ufunguo wa gari ninao mimi. Waambie hawa watu nilimwibia nani."

Wifi akatazama shela, akatazama umati. "Hakuiba! Nilimzulia!" Kila neno likaruka na kiputo chake.

"Paza sauti, wifi. Wa nyuma hawajasikia."