Mafuta ya Nazi na Mawimbi Madogo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha vipimo vya moyo, Kibiti, sikuonyeshwa mashine. Nilipewa pamba na chupa ya spiriti.

"Watu wa huku hawaji hospitali wamepauka," aliniambia Mganga Mfawidhi, mkuu wetu. "Wanapakwa mafuta ya nazi mpaka wanang'aa. Futa kwanza, Bi Mwanaidi. Mashine baadaye."

Alisema kweli. Mashine ya ECG husoma umeme wa moyo kupitia vibandiko vya kifuani na vya mikono na miguu. Penye mafuta havishiki, na mistari hutoka ovyo. Nikafuta vifua vya watu wa Bungu, wa Mahege na wa visiwa vyote vya delta. Wapo walionuna, kwani kwao kumpaka mgonjwa mafuta ni kumheshimu, nami nayaondoa kama uchafu.

Nilikuwa nakaribia kustaafu alipoletwa Mzee Shamte, mkata mikoko wa delta, na mkewe Bi Somoe. Miguu imevimba, pumzi fupi, vidole vina ganzi. Alikuwa akitibiwa presha, lakini kila akisimama anaanguka. Karatasi ya ECG ilitoka na mawimbi madogo mno. Nikafuta tena, nikabandika upya. Yale yale.

"Miye mafuta yangu ndo yaloharibu, mwanangu?" aliuliza Bi Somoe.

Kabla sijamjibu, daktari bingwa wa moyo, aliyekuja kwa huduma ya mkoba, ile ya mabingwa kuzifuata hospitali za wilayani, alituita kwenye eko, mashine inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kuta za moyo zilikuwa nene, na hapakuwa na maji ya kuuzunguka, ambayo nayo hupunguza mawimbi.

"Moyo ulionenepa kwa presha hutoa mawimbi makubwa," alisema. "Haya madogo yanatoka wapi? Umefuta vizuri?"

"Mara mbili, daktari."

"Basi unene huu si wa misuli."

Alitueleza kuwa kuna protini iliyojipenyeza ndani ya misuli ya moyo na kuukakamaza. Ugonjwa huo huitwa amiloidosi. Akampunguzia dawa za presha zilizokuwa zinamwangusha, akampeleka Dar es Salaam kwa vipimo vya damu, mkojo na picha ya mionzi, ijulikane ni aina gani.

Kuanguka kulikoma. Ugonjwa wenyewe haukukoma, na sote tulilijua hilo.

Kliniki iliyofuata Mzee Shamte alikuja amepauka, ngozi imemchanika. Bi Somoe alikuwa ameacha kumpaka. Moyo uliniuma.

"Mama, hukuharibu kitu," nilimwambia. "Mafuta tuliyatoa, mawimbi yakabaki madogo. Ni ugonjwa."

Alilia pale pale. "Basi nimpake?"

"Mpake."

Mara ya mwisho kumwona, mzee aliingia anang'aa, anacheka. "Haya, Bi Mwanaidi, kafute!"

Nyie vijana mlioshika nafasi yangu, futeni vizuri, maana kipimo hakina huruma. Lakini kabla hamjatupa ile pamba, mgeukieni aliyepaka, mumwambie hakukosea.