Hadithi Niliyoisimulia Mchana

Laiti ningekataa mwalimu aliponiita mbele ya darasa nisimulie hadithi ya Bibi. Juzi, katika shule ya kijiji cha Mpemba, nilimkuta kitukuu wangu akisimulia ya sungura mchana kweupe, wenzake wakimpigia makofi, nikashtuka kama alivyoshtuka Bibi siku ile.

Kwetu hadithi zilikuwa za usiku, jikoni, penye moshi na harufu ya mahindi ya kuchoma. Kusimulia mchana kulikuwa kumwitia mama yako kifo. Mimi nilidhani mwiko huo hauingii darasani. Nilisimulia, mwalimu akanisifu, nikakimbia nyumbani kumpa Bibi habari njema.

Ungo ulimponyoka, ulezi ukamwagika.

"Mchana? Jua likiwaka hivi?"

"Mwalimu amesema nzuri, Bibi."

"Mwalimu ana mama yake! Wewe wako unataka tumzike, mume wangu?"

Akakimbilia shambani kumtazama mama. Mama alikuwa mzima, akipalilia, na akaishi miaka mingi. Lakini Bibi aliuogopa mdomo wangu. Tangu siku hiyo, nikiingia jikoni, alinyamaza mpaka nitoke. Alifariki bila kunisimulia tena, na kati ya hadithi zake zote, ninayoijua ni ile moja tu.