Matone ya Kila Saa

Saa tatu asubuhi, siku Bibi aliporudi kutoka kupasuliwa mtoto wa jicho Muleba, harufu ya nyasi mbichi ilijaa nyumbani kwetu Kaagya. Jicho lenyewe lilikuwa la kulia. La kushoto lilikwisha kufa zamani. Majirani walikata nyasi rweya, kule uwandani, ili wazitandike sakafuni kama desturi yetu Wahaya inavyotaka mtu wa heshima anapopokewa. Lakini kwanza waliondoa zile kuukuu. Za chini zilikuwa zimeota ukungu, na vumbi lake lilitanda chumbani Bibi akiwa ameketi humo humo, kitambaa cha jicho amekifunua ili awaone wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Safari ile mwenyeji hakupona.

Baada ya majuma mawili jicho lilikuwa jekundu, na alama nyeupe imejitokeza katikati. Tukarudi Muleba. Daktari aliuliza tunatandika nini sakafuni. Alisema hawezi kuapa, ila vumbi lile analishuku. Jicho lina fangasi.

“Fangasi ya miguuni?” Bibi akauliza. “Mbona jicho hili sijalivalisha viatu?”

Daktari alicheka kidogo, kisha akatukataza kabisa matone ya awali ya kutuliza uvimbe, maana yangeipa fangasi nguvu. Dawa mpya iliagizwa Mwanza, nayo ilitakiwa kutiwa kila saa. Tulihamia kwa binamu yake Baba, karibu na hospitali, penye sakafu ya saruji. Nakumbuka uchovu kuliko maumivu: Mama akinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, akisinzia ameketi, akishtuka na kuiangalia saa ya ukutani. Kahawa ilikuwa inaiva kibanjani, shambani kwetu Kaagya, bila mchumaji. Jicho halikuonyesha nafuu, na mchana mmoja Bibi aligeukia ukuta.

“Niacheni. Jicho ni langu, nami nimelichoka.”

Mama alinawa, akarudi na kichupa.

“Jicho ni lako, mae, mama yangu, lakini upofu utakuwa wetu sote. Inua kichwa.”

Bibi akainua. Miezi ikapita, ile alama ikafifia na kuacha kovu. Kitabu cha nyimbo hakukisoma tena, lakini aliuona mlango, akaona mtu anayeingia, akaenda msalani bila kushikwa mkono mpaka alipofariki.

Siku hizi dawa za macho nazikuta madukani Miembeni, na simu inaweza kumkumbusha mtu kila saa bila kusinzia. Mwezi uliopita niliambiwa mtoto wa jicho ameanza kwangu pia. Daktari, kijana mpole, aliniuliza nyumbani nakaa na nani wa kunitia matone. Watoto wako Dar es Salaam na mke wangu anauguza mama yake Kashozi. Nilimwambia nitampa jibu nikirudi. Bado sijarudi.