Chupa niliyorudi nayo kutoka kikao cha Bunda nusura imuue mama mkwe

Wakuu habarini. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijahadithiwa.

Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari moja huku Butiama, ila naishi Buhare, Musoma. Walimu wa sayansi mkoani kwetu tuna chama chetu. Wapo wanaodhani ni cha posho na kupiga picha. Hapana. Shule ikiishiwa kemikali na practical iko mlangoni, tunaazimanaga humo humo.

Wiki iliyopita kikao kilikuwa Bunda. Mwenzangu anayefundisha Kibara akanimegea sodium hydroxide, imeshayeyushwa, kali haswa. Kwa wasio wa fani, ndiyo ile soda ya kutengenezea sabuni. Haina rangi, haina harufu. Ukiimeza inaunguza koo mpaka tumbo.

Tukaimimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Msinishangae, ndivyo tunavyofanyaga. Nikaandika kwa marker pen, kubwa kabisa, jina lake la kikemia: NaOH. Nikajiona mtaalamu.

Kufika nyumbani nikaiacha mezani nikaenda kuoga. Mama mkwe alikuwa kwetu, siku hiyo anarudi kwake Bugwema. Natoka bafuni, chupa haipo.

"Mama Noah, chupa iko wapi?"

"Ile ya Noah? Nimempa mama akanywe njiani. Si umeandika jina la mtoto?"

Wakuu, nikadaka simu.

Nampigia mama, simu inaita chumbani. Kaisahau kwenye chaji.

Nikarukia bodaboda na taulo shingoni. Njia nzima nasali huku najitukana. Nitamwambia nini mke wangu, kwamba nimemuulia mama yake kwa kemikali ya kuazima?

Nikamkuta stendi, amekaa kwenye benchi, viazi mapajani, chupa iko wazi mkononi.

Kwetu mama mkwe hasogelewi hovyo, hata kumpa mkono ni shughuli. Mimi nilimvamia nikampokonya. Watu wakapiga kelele, "Jamani, anampiga mama wa watu!"

Yeye akabaki anasugua viganja. "Baba, haya maji mbona yanateleza kama sabuni?"

Kumbe alikuwa ananawa kwanza ndipo ale. Kunawa tu ndiko kulikomwokoa. Nilimmwagia mikononi ndoo mbili za maji ya mama ntilie, tukakimbilia hospitali. Viganja vimebabuka, ila anapona, namshukuru Mungu.

Jioni nikajieleza kwenye group la chama, nikijua nitasemwa. Badala yake wakaanza kutuma picha za stoo zao, mmoja baada ya mwingine. Chupa za maji. Chupa za soda. Moja ina acid na imeandikwa H2SO4 basi. Hapo ndipo nilipoogopa upya, zaidi ya pale stendi.

Nilichojifunza: lebo ambayo mama yako hawezi kuisoma siyo lebo. Andika SUMU, USINYWE. Na chupa ya kunywea isikanyage maabara kabisa.

Jana nilienda Bugwema kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, hana kinyongo. Nikamfungulia soda niliyompelekea, nikamwekea mbele.

Akaitazama, akaisogeza kwangu taratibu. "Anza wewe, baba."

Nikanywa.

Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, kabla hujacomment nenda stoo kwanza. Halafu njoo utuambie umekuta nini.